Nailoni Iliyoniumbua Kariakoo

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye simtaji kwa sababu kutajwa ndiko anakokutafuta, ameiweka video ya aibu yangu ya dukani kwenye status yake tangu jana jioni, na kwa kuwa video hiyo inaanzia mahali pabaya kuliko pote, nimeona ni heri nisimulie mwenyewe.

Kompyuta ya gemu niliyoiunga mwenyewe mnaifahamu, maana nimewachosha nayo hapa mwezi mzima: prosesa ya Ryzen 5 7600, mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vipande vyote) ya B650 na kipozeo kirefu cha mnara, kwa sababu kile kifupi kinachokuja ndani ya boksi la prosesa, tena kikiwa kimeshapakwa kiwandani pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa, nilikidharau nikampa mdogo wangu achezee.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, kioo kilikaa cheusi kwa dakika kadhaa, nikaanza kusoma dua, kumbe RAM za DDR5, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, huchukua muda kuzoeana na mazabodi. Picha ilipotokea niliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mazabodi, nikawasha EXPO, mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM, ili zipande kutoka 4800 hadi 6000, nikajiona mhandisi. Kisha nikafungua Cinebench R23, programu ya kupima nguvu ya prosesa kwa alama. Joto la prosesa lilipaa hadi nyuzi 95 likaganda hapo, kasi ikaporomoka kutoka gigahezi 5 hadi 3 na ushee, na alama nilizopata hazikufika hata 9,000, ilhali wenye prosesa kama yangu wanapata karibu 14,000.

Mwenye akili timamu angekagua kipozeo. Mimi nilitazama video tatu, nikahitimu, nikatoa hukumu kwamba mazabodi ni mbovu. Asubuhi nikaipakia kompyuta nzima kwenye bajaji hadi dukani Kariakoo, na yule rafiki nikamwomba mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, aje arekodi kila kitu ili tuwe na ushahidi iwapo duka litanizungusha. (Mlioanza kucheka, vumilieni, hatujafika.)

Duka lilikuwa limejaa. Nikasimama mbele ya kaunta na kuwafundisha wote, wakiwamo wasiouliza, kwamba mazabodi ina saketi zinazozunguka prosesa, ambazo kazi yake ni kupokea volti 12 kutoka kwenye pawa saplai na kuzishusha hadi volti moja na kidogo, na kwamba saketi hizo zikiwa dhaifu prosesa hunyimwa umeme na kulegea. Yote hayo ni kweli. Hayakuhusiana hata kidogo na tatizo langu, lakini ni kweli.

Fundi, kijana mpole aliyekuwa akitafuna kashata, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, “Sawa kaka, ngoja tuanzie juu.” Akalegeza skrubu ya kwanza, akalegeza ya pili, akakizungusha kipozeo kidogo kushoto, kidogo kulia, akakiinua. Akakigeuza. Hakusema neno. Akakisogeza karibu na taa, akainamisha kichwa, kashata ikasimama mdomoni. Pesti ilikuwa imetandazwa vizuri sana, naomba hilo liandikwe, ila ilikuwa imetandazwa juu ya nailoni, na chini ya nailoni shaba iling’aa ikiwa haijaguswa na chochote tangu itoke kiwandani. Pembeni palikuwa na kijisehemu chekundu chenye maandishi makubwa ya kumtaka mteja aiondoe nailoni kabla ya kufunga. Fundi alikishika kwa kucha mbili, akavuta polepole, na katika ukimya wa duka lile nailoni ikalia krrrrr, mlio mrefu ambao hadi sasa naendelea kuusikia.

Mama mmoja aliyekuja kununua wino wa printa akauliza kwa huruma, “Mwanangu, hiyo si kama ile ya kwenye kioo cha simu mpya?”

Nami, badala ya kunyamaza, nikamjibu, “Ndiyo mama, niliiacha ili isichunike.”

Hapo ndipo duka lilipopasuka. Mwenye duka aliingia stoo, na kicheko chake kikasikika kutokea huko. Fundi alijitahidi kujizuia kwa heshima zote, akaniambia, “Kaka, volti zako 12 hazina kosa,” akashindwa, akakaa chini.

Yaliyofuata ni mafupi: alifuta, akapaka pesti mpya, akafunga, akawasha, joto likatulia kwenye nyuzi sabini na kitu, alama zikavuka 13,000, nikalipa, nikaondoka bila kudai risiti. Mdogo wangu, ambaye ameshaiona status, amenirudishia kile kipozeo kifupi akiwa amekifunga kwenye nailoni.

Ninachowaomba wanaoisambaza video ni kimoja tu. Sehemu ya kashata iacheni, na ya mama wa wino iacheni pia, lakini ile dakika nzima ninapowaeleza watu kuhusu umeme huku nimenyoosha kidole juu, tafadhalini, ikateni.