Stuttgart Unaokoka kwa Lazima

Jamani kuna watu wakishafika Ulaya wanaona mafundisho ya Mungu kila kona. Theluji ikidondoka tu keshatuma kwenye grupu la jumuiya dhambi zenu zijapokuwa nyekundu sana zitakuwa nyeupe, treni ikichelewa anaandika habari za kumngoja Bwana. Nawaonea wivu kwa kweli. Mi huku Stuttgart, Ujerumani, mafundisho siyatafuti, yenyewe yananifuata hadi mlangoni na kunikaba shati.

Tuanze na Jumapili. Kwetu Moshi ukitoka ibadani unapita sokoni unabeba nyama na parachichi zako, nani atakuuliza. Huku Jumapili maduka yamefungwa kuanzia supamaketi mpaka duka la vitasa, na wala siyo mila tu, mapumziko ya Jumapili yako kwenye katiba ya Ujerumani tangu 1919 na hii ya 1949 ikayabeba hivyohivyo. Sasa Jumamosi jioni nenda kaone watu wanavyosomba vyakula. Hapo ndo niliielewa Kutoka 16, ile manna ya siku ya sita unaokota maradufu maana ya saba hutaikuta. Wale Waisraeli waliotoka siku ya saba kwenda kuitafuta wakakosa, zamani nilidhani ni wabishi, siku hizi najua ni watu walioishiwa vitunguu tu. Ukibanwa sana unakimbilia stesheni kuu ambako maduka yanaruhusiwa, na kwenye foleni unakuta waumini wenzako kila mmoja anaangalia simu yake.

Na usidhani ukibaki nyumbani ndo umepona. Kutoboa ukuta na drili Jumapili ni kesi, hata kwenda kutupa chupa kwenye kontena la vioo hairuhusiwi, zinapiga kelele. Ikumbuke siku ya Sabato uitakase, usipoikumbuka wewe jirani atakukumbusha.

Huyo jirani sasa. Yesu alisema ngano na magugu viachwe vikue pamoja mpaka mavuno, ila bibi wa ghorofa ya kwanza katika hilo hakubaliani na Yesu, kwake mavuno ni kila asubuhi. Karatasi zina pipa lake, maganda lake, plastiki lake, chupa zinatengwa kwa rangi, nyeupe huku, kahawia huku, kijani kule. Haya chukua kipakiti kimoja cha chai, majani ni ya kwenye maganda, kile kikaratasi cha nembo ni cha kwenye karatasi, halafu kuna kale kapini kanakobana uzi, hako kanaenda kwa nani? Mtu mzima, baba wa watoto, nimesimama jikoni saa nne usiku nimeshika kapini na chai yenyewe imeshapoa. Na usijidanganye kwamba utakatupia popote kwenye giza, hakuna neno lililositirika ambalo halitafunuliwa, kesho mfuko wako unaukuta mlangoni umebandikwa karatasi, tena imeandikwa kwa adabu na salamu nyingi.

Halafu kuna hii kitu ya Wajerumani wa upande huu inaitwa Kehrwoche. Kinatundikwa kibao mlangoni kwako maana yake wiki hii kufagia ngazi za jengo ni zamu yako. Ngazi zenyewe hazina hata unywele! Unafagia hewa, na usipofagia watu wanajua. Nikamlalamikia rafiki yangu mmoja mlokole akanijibu huo ni utumishi, hata Bwana aliosha miguu ya wanafunzi. Sawa, lakini miguu ile ilikuwa na vumbi.

Sasa njoo kwenye sadaka, hapa ndo pana utamu. Ukienda kuandikisha makazi manispaa kuna kipengele cha dini, na wewe Mlutheri wa ubatizo na kipaimara, babu zako walihubiriwa na hawahawa Walutheri wa Kijerumani, wamisionari wa Leipzig waliopanda Kilimanjaro 1893, utaachaje kujaza kwa fahari? Mwisho wa mwezi unakuta kodi ya kanisa imekatwa kwenye mshahara, mkoa huu ni asilimia 8 ya ile kodi ya mapato, kwingine 9. Hakuna bahasha, hakuna mnada wa mkungu wa ndizi unaonunuliwa, unarudishwa madhabahuni, unanadiwa tena mpaka ndizi zinaiva. Ukitaka kuacha unakwenda ofisi ya serikali kusaini kwamba umetoka kanisani, na hiyo pia unalipia. Na wakishakata wanakuletea barua nyumbani, kwa upendo wa Kristo, wanaomba mchango wa hiari.

Juzi niko na barua hiyo mkononi simu ikaita mlio wa meseji, mzee wa kanisa kutoka Moshi: "Bwana Yesu asifiwe kaka, bahasha yako ya ahadi bado haijarudi na sisi tunaezeka. Ninyi wa nje tumewapangia kwa euro."

Nikamjibu mzee wangu, huku sadaka nakatwa kwenye mshahara kabla hata sijauona. Akakaa kimya. Naona anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Wanakata kwenye mshahara? Hebu nieleze vizuri utaratibu wao, baraza la wazee tunakaa Alhamisi."