Malaika Wanatafuta Chumba

Ukitaka kujua kwamba Dar es Salaam imejaa malaika watupu, tangaza kuwa una chumba cha kupangisha. Watakuja. Hawanywi, hawavuti, hawana wageni, na hata kikohozi wanakikohoa kwa adabu. Chumba na sebule yangu hapa Tabata iko wazi, na kila jioni mimi niko barazani napokea malaika.

Wanaletwa na dalali. Huyu nilimwambia waziwazi: nataka mtu mtulivu, mwenye kazi inayoeleweka, familia isiyozidi watu watatu. "Ondoa shaka mzee wangu, ninaye!" Akaniletea fundi wa kuchomelea mageti, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa kama uwani panatosha kuweka mashine. Dalali atajali nini? Udalali wake ni kodi ya mwezi mmoja, anaipokea siku ileile, anatia mfukoni, anapotea. Grenda nitaisikiliza mimi.

Haya, mahojiano. "Unafanya kazi gani, kijana?" "Niko kwenye mishe, mzee." Mishe zipi? "Za hapa na pale." Na kodi yangu itatoka hapa au itatoka pale? Anacheka. Mimi sicheki.

"Unaishi na nani?" "Niko peke yangu." Jamani, "peke yangu" ya mjini hapa ina watu wengi sana! Anahamia yeye na begi. Jumamosi anafika mdogo wake, anapita tu, anaelekea Morogoro. Mwezi mzima Morogoro haijafikiwa. Mara shangazi kaja hospitali Muhimbili, na shangazi haji bila mjukuu. Siku ukigutuka, foleni ya chooni alfajiri imefika kwenye geti, na wewe mwenye nyumba umeshika taulo nyuma ya mtu usiyemjua, naye anakuuliza, "Mzee, na wewe umepanga hapa?"

Watu wananiambia, dai kitambulisho. Nadai! Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Yuko aliyenijia na suruali ya kubana na kofia kageuza nyuma, ananiambia yeye bado kijana anaanza maisha. Kusoma tarakimu zile, kumbe tumeachana miaka minne tu! Shikamoo zote alizonipa nikamwambia achukue nusu. Lakini tabia haimo katika zile 20. Barua ya serikali ya mtaa nayo ni hiyohiyo: "Mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huu, apewe ushirikiano." Ushirikiano gani, wa kudaiwa?

Kibaya zaidi ni kumpigia simu mwenye nyumba anakotoka. Nimejifunza jambo moja: akimsifia sana, kimbia. Mwenye nyumba aliyeridhika na mpangaji wake atakuambia "hana shida", kwa sauti ya huzuni, maana anaondokewa. Ila ukisikia "Ooh, yule bwana ni dhahabu, mchukue, mchukue hata kesho, nitakusaidia na gharama ya kirikuu," basi ujue huyo anadaiwa miezi mitano na sabufa yake imeshapasua kioo cha dirisha. Mimi sasa namtafuta mwenye nyumba wa nyuma ya huyo. Yeye hana cha kupoteza, anasema kweli, tena kwa raha.

Au nakwenda kwa Mangi wa mtaa anaotoka. Mabenki yana taratibu zao za kujua nani halipi, mimi nina daftari la Mangi. Nanunua soda, nakaa kwenye kreti, naulizia taratibu. Mtu anayelipa mkopo wa unga kila mwisho wa mwezi atalipa na kodi. Mtu ambaye siku hizi anazunguka barabara ya pili ili asipite mbele ya duka, huyo hata angekuja na barua ya mtendaji yenye mihuri saba, kwangu haingii.

Mtasema mzee huyu ana masharti. Kumwingiza mpangaji ni dakika kumi na karatasi mbili za mkataba. Kumtoa asiyetaka kutoka ni Baraza la Ardhi na Nyumba, tarehe inapangwa, inaahirishwa, inapangwa tena, na muda wote huo yeye yuko ndani anapika pilau inanukia mpaka sebuleni kwangu. Na umeme wa mita moja, wapangaji wanne! Mmoja anapasi mashati ya wiki nzima, LUKU ikiisha kila mtu yeye alikuwa amelala.

Basi juzi kaja dada mmoja, muuguzi, mpole, kazi inaeleweka, kaja na kitambulisho bila kuombwa. Moyoni nikasema huyu ndiye. Nikajiweka sawa kitini nianze maswali. Akaniwahi.

"Samahani baba, mpangaji aliyetoka, alitoka kwa nini?" Nikababaika. "Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki?" Nikamwonyesha simtanki. "Na ile kodi ya jengo, shilingi 1,500 inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi, hapa analipa nani?" Sasa hapo, wananchi, tangu walipoiingiza kwenye LUKU mwaka 2021 hakuna mpangaji wangu aliyewahi kuiulizia, na mimi sikuona sababu ya kuwasumbua vichwa. Nikakohoa. Kwa adabu.

Akafungua kijidaftari, akaandika. Kisha akaniambia, kwa heshima zote, kwamba kabla ya kuja kwangu alipitia dukani kwa Mangi wetu hapo kona. Alikunywa soda. Alikaa kwenye kreti.

Kasema ana nyumba nyingine mbili za kuangalia, atanipigia Jumatatu.