Kasha la Zanzibar limetoka Surat, na ni letu vilevile

Kasha la Zanzibar, mara nyingi, halikutengenezwa Zanzibar. Yale makubwa ya msaji, yaliyopigiliwa njumu za shaba mpaka mbao yenyewe inajificha, mengi yaliletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, huko India. Mafundi wa kwetu nao waliunda yao, tena mazuri, lakini muuzaji anayekuapia kwamba kila kasha la dukani mwake ni "asili ya Unguja" anakupa nusu ya habari. Nikilisema hili mbele ya watu, wapo wanaonuna, kana kwamba nimewanyang'anya urithi. Mimi sioni kilichopotea. Lililotoka Surat lilichaguliwa na mtu wa hapa, kwa jicho lake na fedha yake, likatiwa nguo za bibi harusi na udi na hati za shamba, likarithiwa. Uchaguzi ule ni kazi ya sanaa kama ulivyo uchongaji.

Ndiyo maana huwa nacheka nikiambiwa kukusanya samani na vyombo vya kale vya Asia na Ulaya ni starehe ya wageni. Nendeni Lamu mkaangalie nyumba za mawe za karne ya 18. Huko ndani kabisa, ukuta mzima umechongwa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, na ndani ya zidaka hizo zilipangwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Wapo wanaosema zilikuwa kinga ya jicho baya. Huenda. Lakini pia zilikuwa za kutazamwa, na mgeni aliyeketi pale alijua kuwa mwenye nyumba ana mkono mrefu baharini. Sasa huyo si mkusanyaji ni nani?

Unguja mambo yalikuwa yale yale, kwa vitu vingine. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vya huko vilivyojaa rafu za ukutani zenye bilauri na vyombo vya kauri, pamoja na vioo vikubwa na saa kutoka Ulaya. Hizo saa hunifurahisha sana. Nyumba inahesabu saa zake tangu magharibi na kufuata adhana, halafu imetundika saa za Kizungu ukutani. Haja ya kujua wakati ilikuwa ndogo. Walizipenda sura yake na mlio wake, basi.

Bei za siku hizi zinanikera kwa sababu zinafuata jina badala ya kitu. Kila mtu anataka kauri ya Ming, ile enzi ya wafalme wa kale wa China. Mleteeni bakuli la Maastricht aone: atalisukuma pembeni. Na bakuli hizo ndizo nizipendazo kuliko zote! Viwanda vya Maastricht, Uholanzi, kile cha Petrus Regout na mshindani wake Société Céramique, vilitengeneza vyombo vya udongo vyenye maua yaliyogongwa kwa muhuri au kwa sifongo, mekundu, kijani, buluu, rangi zinazotoka nje kidogo ya mistari, vikauzwa Java na vikauzwa kwetu. Pindua bakuli utazame chini: la Regout mara nyingi lina sanamu ya sphinx, yule mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu. Ni kazi ya kiwanda, ndiyo. Lakini hutembei Pwani bila kukutana na familia yenye moja la namna hiyo kabatini, lililopigwa ukingo, linaloshuka siku ya Idi tu.

Tukiwa hapo kwenye kupindua vyombo, niseme neno kwa wanaoanza. Usiamini maandishi ya chini. Wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, wa enzi ya mfalme Kangxi, 1662 hadi 1722, waliandika mara nyingi jina la mfalme Chenghua, aliyetawala 1465 hadi 1487, na hawakuwa matapeli. Ilikuwa heshima kwa waliotangulia. Matapeli walikuja baadaye wakaandika majina yote. Amini zaidi kile kikanyagio cha duara ambacho chombo hukalia: pitisha kidole pale pasipo na rangi ya kioo, ule mng'ao unaofunika kauri, uone kama pamelainika kwa miaka ya kusuguana na rafu, au panakwaruza kama pametoka tanuri jana na kupakwa majani ya chai ili paonekane pa kale. Kwa vya Ulaya kazi ni rahisi kidogo. Kikiandikwa jina la nchi kilikotoka, kwa kawaida ni cha baada ya 1891, kwa kuwa sheria ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za nje zitajwe nchi yake, na viwanda vingi vikazoea. Sahani iliyovunjika zamani ikaunganishwa kwa pini za chuma, wengi huiona mbovu. Mimi naiweka mbele. Hakuna anayemlipa fundi aunge sahani asiyoipenda.

Kuna bakuli ambalo sinunui hata nikipewa kwa bei ya maji. Kule Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuna kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina za mwishoni mwa Ming, zimekazwa ndani ya chokaa. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yapo makaburi ya namna hiyo yenye sahani za kauri, na mengi sasa yamebaki na matundu ya duara peke yake. Sahani hazikutembea. Ziling'olewa kwa patasi, na mwisho wa safari palikuwa na mnunuzi anayejiita mpenzi wa sanaa. Kwa hiyo ukiona chombo chenye mabaki ya chokaa mgongoni na ukingo uliomeguka pande zote, muulize muuzaji kimetoka wapi, na akianza hadithi ya babu yake, ondoka. Nchini Kenya sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani: kitu cha kale kinacholindwa ni kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Au kuingizwa. Bakuli la Kichina lililofika Lamu kwa jahazi limeshakuwa la Kenya, na halitoki bila kibali.

Mahoteli siyalaumu sana. Samadari, kile kitanda cha kale cha kuchonga, iliyogeuzwa kuwa kochi la barazani angalau inapakwa mafuta na kufutwa vumbi, kuliko kuliwa na mchwa uani. Nisichovumilia ni kung'oa bawaba za zamani za kasha na kutia mpya zinazong'aa ili lipendeze pichani.

Wanaoniumiza roho ni sisi wenyewe. Dalali hajui mlango wa nyumba yenu mpaka apate habari ya msiba, na matanga hayajaanuliwa keshaketi na mjomba anahesabu noti. Watoto wa mjini wanasema chukua tu hilo kasha, linajaza nafasi. Sisemi mtu asiuze. Njaa haina makumbusho. Nasema kabla ya kuuza, kaeni na mzee aliyebaki mwandike: lilikuja mwaka gani, na nani, kwa harusi ipi, kutoka duka la nani. Karatasi hiyo tieni ndani ya kasha. Lenye historia linauzwa ghali kuliko lisilo nayo, kama fedha ndiyo hoja yenu. Na msitegemee makumbusho yatawafanyia kila kitu. Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho la Unguja, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Jirani yake, Makumbusho ya Kasri, ina kitu ambacho watalii hukipita haraka: samani za Formica, yaani zilizobandikwa karatasi ngumu za plastiki, za kasri la sultani, za mtindo wa miaka ya 1950 na 1960. Waongozaji wengine huzionea haya, wanawahimiza watu wafike kwenye vitanda vya kuchonga. Mimi husimama hapo muda mrefu. Mtu aliyeweza kununua mpingo wote wa kisiwa alitaka kitu kipya kutoka nje, cha kung'aa, kisichohitaji kupakwa mafuta. Ladha ile ile iliyoleta sahani za Jingdezhen na makasha ya Surat. Kama kuna mwenye kabati la namna hiyo nyumbani na anataka kulitupa, aniambie kwanza.