Yoga uzeeni: bibi wa Kibirizi hahitaji kuinama zaidi

Habari za yoga kwa wazee zimeingia Kigoma kwa njia ya simu. Vijana wanawarushia wazazi wao video za watu wa miaka 70 na 80 wakikunja miili juu ya mkeka, na majibu ni ya aina mbili. Wapo wanaoamini kwamba hii ndiyo dawa ya magoti, mgongo na presha. Wapo wanaosema mzee aliyelima maisha yake yote, anayepanda mlima wa stesheni hadi Mwanga kwa miguu yake, hana cha kujifunza mkekani. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini wote wanabishana juu ya ubora wa yoga kabla ya kuutazama mwili wa mzee mwenyewe na kuona umepungukiwa na nini.

Wanaokataa wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu ya misuli siku 2 au zaidi, na mazoezi ya kuzuia kuyumba siku 3 au zaidi. Mama anayebeba ndoo ya dagaa kutoka mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya uvuvi inakotua, mpaka nyumbani kwake dakika hizo huzimaliza mapema, na mapaja yake yana nguvu. Mzee wa Ujiji anayesali sala tano ana rakaa 17 za faradhi kwa siku, yaani sijda 34, na kwenda chini na kuinuka ni kawaida yake. Sala ni ibada, haipimwi kwa kipimo cha mazoezi, lakini paja linalomwinua ni lilelile. Hata choo cha kuchuchumaa kimewahifadhia wengi nyonga ambazo kwingineko zimekakamaa kwa kukalia viti.

Lakini kazi ya mikono ina ubaya wake: inarudia mwendo mmoja. Kuanika dagaa, kupalilia muhogo, kufua, kufagia uwanja kwa ufagio mfupi, yote ni kuinama mbele kutokea kiunoni. Ni nadra kwa kazi ya siku kumfungua mtu kifua kwenda nyuma, au kumsimamisha mguu mmoja kwa utulivu. Miaka 40 ya hali hiyo huacha mabega yaliyoangukia mbele na mgongo unaochoka kabla ya saa nne asubuhi.

Tena kazi huachwa kwa mkupuo. Watoto wakishasema “mama, sasa pumzika,” mama anatoka kwenye ndoo anahamia barazani, na mapaja hupungua upesi kuliko watu wa nyumbani wanavyotambua. Mzee aliyeanza kusali akiwa amekaa kitini kwa sababu ya magoti naye, bila kukusudia, amepoteza zoezi la kuinuka chini lililokuwa likimlinda. Hapo ndipo neno la “shamba linatosha” linapokatika.

Sasa tuwasikilize wanaounga mkono. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, ya mwaka 2019 yalijumlisha majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, wazee waishio majumbani, na yakaona kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu asilimia 23. Yaliyofanya kazi zaidi ni yale ya kusimama imara, kugeuka, kukaa na kuinuka. Pozi za yoga za kusimama ni za jamii hiyo. Kwa mji wa vilima kama Kigoma jambo hili si dogo, maana kuteremka ndiko kunakohitaji breki ya misuli ya paja, na mguu ukichelewa kushika njia ya changarawe, mtu yuko chini.

Hata hivyo, Cochrane haohao, katika mapitio ya mwaka 2022 juu ya maumivu sugu ya kiuno, walikuta yoga inasaidia kidogo kuliko kukaa bila zoezi, na tofauti yake na mazoezi mengine ya mgongo ni ndogo au haipo. Kwa hiyo anayetangaza kwamba yoga inaponya mgongo anazidisha chumvi. Thamani yake tunaiona kwingine: ni ya polepole, inamfunza mtu kupumua huku anatumia nguvu, na vyombo vyake ni ukuta na kiti.

Kinachotutia hofu ni aina ya yoga inayosambazwa kwenye simu. Ile ya kunyoosha magoti na kuinama hadi kugusa vidole vya miguu ndiyo mbaya kuliko zote kwa mwanamke ambaye mifupa yake imekonda baada ya kukoma hedhi. Pingili za uti wa mgongo hubonyea upande wa mbele, wakati mwingine bila mtu kuanguka. Aliyepungua kimo, aliyeanza kupata kibiongo, au aliyewahi kupatwa na maumivu ya ghafla ya mgongo akiinua kitu chepesi, asiinamishwe hivyo kabisa. Bibi wa Kibirizi ameshainama vya kutosha, na zoezi linalomfaa ni la kumrudisha nyuma.

Mikao ya kichwa chini nayo ina mambo yake. Presha ya ndani ya jicho hupanda kabla dakika moja haijaisha, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa presha ya macho asikae hivyo. Kusimama kwa kichwa au kupindua miguu nyuma ya kichwa kunaibebesha shingo uzito usioistahili. Kwa mzee ambaye hakuanza ujanani hatuoni faida inayolipa hatari hiyo. Na kubana pumzi, ambako baadhi ya walimu wa video hukusifu, hupandisha presha ya damu papo hapo.

Kuhusu imani, mjadala wa Ujiji na wa makanisani si wa kupuuzwa. Yoga ilizaliwa ndani ya dini na falsafa za India, na neno lenyewe la Kisanskriti linatokana na mzizi wenye maana ya kufunga pamoja, kama nira inavyofunga ng’ombe wawili wa jembe. Baraza la Fatwa la Malaysia liliikataza kwa Waislamu mwaka 2008. Mwaka uliofuata baraza la maulamaa la Indonesia likakataza yenye mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, na ibada, likaacha yenye mazoezi ya viungo pekee. Saudi Arabia iliitambua kama mchezo wa mwili mwaka 2017. Ikiwa wanazuoni wenyewe wametofautiana hivyo, mtoto asimlazimishe mzazi wake kwa hoja ya afya. Mwendo wa mguu hauhitaji wimbo wala mantra, na mzee ambaye jina lenyewe linamkwaza anaweza kupata miendo hiyohiyo kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, bila jina, na mwili wake usipungukiwe kitu.

Kwa anayekubali, siku 3 kwa wiki, dakika 25 kila siku, zinatosha kuanzia. Kiti kiwe cha mbao chenye miguu minne, mgongo wake ukiegemea ukuta. Cha plastiki hujipinda miguu na kuteleza kwenye simenti. Pozi za kusimama zifanywe pekupeku juu ya sakafu kavu, kwa sababu mkeka wa plastiki hukimbia chini ya unyayo. Mkeka utandikwe kwa mazoezi ya kulala tu, na blanketi lililokunjwa juu yake. Baada ya ugali zipite saa mbili, lakini anayetumia dawa ya sukari kama glibenklamaidi au insulini asifanye akiwa na njaa. Kijasho chembamba na mikono kutetemeka ni dalili za sukari kushuka, na hapo anakaa anakunywa chai yenye sukari. Mwezi wa Ramadhani saa yake ni baada ya futari, chakula kikishatulia.

Aanze amekaa kitini, nyayo zote chini: avute pumzi puani kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, dakika 3, bila kubana. Kisha ainuke na kukaa mara 8, mikono ikiwa kifuani, akishuka kwa hesabu ya 3. Kujibwaga kitini ni kosa la kwanza tutakaloliona, na maana yake paja limeacha kazi katikati ya njia. Akishindwa, aongeze mto juu ya kiti, na mto huo uondoke nguvu zikirudi.

Linafuata pozi la mti. Asimame ubavuni mwa ukuta, vidole vya mkono vikiugusa, aweke kisigino cha mguu mmoja juu ya kifundo cha mguu mwingine huku vidole vya mguu huo wa kwanza vikibaki sakafuni. Macho yatazame kitu kimoja kisichosogea. Sekunde 10 kila upande, zipande taratibu hadi 30. Unyayo usibanwe kamwe ubavuni mwa goti, kwa kuwa goti halikuumbwa kusukumwa upande. Pozi la shujaa nalo ni kupiga hatua ndefu mbele na kukunja goti la mbele, pumzi 4, na goti hilo likae juu ya kifundo bila kulalia ndani.

Badala ya ile pozi maarufu ya mbwa aliyeinama, aweke viganja ukutani usawa wa mabega, arudi nyuma hatua mbili, asukume nyonga nyuma mpaka mgongo unyooke. Kisha juu ya mkeka, alale kifudifudi, mikono ubavuni, ainue kifua vidole viwili tu kutoka chini, pumzi 2, mara 5, akitazama chini ili shingo isipinde. Hili ndilo zoezi la bibi wa dagaa. Kwa mstaafu wa ofisini anayeshinda barazani tungeweka uzito kwenye kuinuka kitini na kwenye kilima cha Mwanga, kwa sababu mgongo wake haujachakaa kwa jembe, ila miguu yake imelala. Na yeyote kati yao anayejua kwamba maji na kuni sasa vinabebwa na wajukuu, atafute dumu la lita 5 alinyanyue. Uzito wa mwili peke yake baadaye hautamtosha.

Kuinuka kutoka mkekani ni zoezi linalojitegemea, na watu wengi huliharibu. Ageuke ubavu, asubiri nusu dakika, aende kwa mikono na magoti, ashike kiti, apige mguu mmoja mbele, asimame, kisha abaki ameshika kiti mpaka kichwa kitulie. Anayetumia dawa za presha huweza kuona giza akiinuka kwa kasi, na aliyeanguka hapo huangukia nyonga. Dawa zenyewe zisipunguzwe kwa sababu mazoezi yamekubali. Hilo ni la daktari, baada ya vipimo. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika au ganzi inayoteremka mguuni ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Maendeleo yapimwe kwa kiti. Kwa sekunde 30, mikono kifuani, mtu ainuke na kukaa mara ngapi? Kwa vipimo vya Marekani, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefika mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefika 12, yuko chini ya wastani na ana hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Idadi hiyo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani siku ya kwanza, irudiwe baada ya wiki 8 kwa kiti kilekile. Isipopanda, mzee apewe zoezi jingine.