Kumchukua mtoto safari ya siku moja: barabara ndefu ya bara au njia yetu ya Makunduchi?

Kaka yangu ana watoto watatu na kila likizo ya skuli ikifika huvuka nao bara kwenda kuendesha gari masafa marefu, asubuhi wanatoka na usiku wanarudi. Mie huku hunambia nawanyima wanangu safari kwa sababu nawazungusha Unguja hii hii, kisiwa chenyewe urefu wake kilomita 85 tu, ukianza kumhadithia mtoto kitu hujamaliza ushafika Nungwi, ncha ya kaskazini. Tumebishana sana hili, na kwa kuwa nimeshajaribu yote mawili nataka niseme ninavyoona, maana najua wazazi wengi wa hapa wanajiuliza hivyo hivyo.

Nianze kwa kumpa haki yake kaka. Mtoto aliyekulia Unguja kila akitembea saa moja anaiona bahari, hajui nchi isiyokwisha ikoje. Mwaka jana nilimchukua binti yangu wa miaka 13, tukalala kwa shangazi Dar, alfajiri tukaingia barabara ya Morogoro kwa gari ya kuazima, kama kilomita 190 kwenda. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, kisha mkonge na vichaka, vichaka na mkonge, kila kijiji unashuka mwendo 50 kwa sababu trafiki yuko na tochi yake ya kupimia mwendo chini ya mti, halafu vichaka tena. Milima ya Uluguru ilipoanza kutokeza upande wa kushoto mtoto akavua spika za masikioni mwenyewe, akainamia kioo, akaniuliza kule juu kuna watu wanaishi? Hicho kitu Unguja siwezi kumpa na sitojidanganya kuwa naweza.

Lakini kurudi ndiko kulikonitia hofu. Jua linakuchwa nyuma yetu, mtoto kalala, malori yanakuja na mataa yao usoni, barabara ile ile, sauti ya injini ile ile, nikashtukia niko daraja la Ruvu na nikajiuliza hivi Chalinze tumeipita saa ngapi? Sikumbuki kabisa, na mji wenyewe si mdogo wa kupita bila kuuona. Macho yalikuwa wazi na mikono iko kwenye usukani ila akili imezima, kwa sababu barabara isiyobadilika haiipi akili kazi yoyote mpya, sasa inaanza kujilaza polepole na dereva mwenyewe hajijui. Gari ikienda mwendo 80 inakula kama mita 22 kila sekunde, ukisinzia sekunde tatu tu ushapita mita 66 hakuna anayeendesha, na pembeni yako yupo mwanao. Watu watakwambia fungua dirisha, weka muziki, jimwagie maji, hivyo vyote vinakupa dakika chache tu. Dawa ni kuegesha pahala salama ukalala dakika 15 au 20, na kabla hujafika huko upumzike kila baada ya saa mbili. Niliegesha kwenye sheli nikalala, tukafika Dar usiku sana, shangazi yuko mlangoni na kanga yake kichwani hajala kwa wasiwasi.

Sasa njoo huku kwetu. Mwezi mmoja baadae tulikwenda Makunduchi, kusini ya kisiwa, kwao marehemu mama yangu. Ukitoka mjini mpaka Tunguu ni foleni na kelele, hakuna la kusema. Mbele kidogo kule Bungi kuna miembe ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, inayosemekana yeye ndie aliyeipandisha karne ya 19, unapita chini ya vivuli vyake na hata mtoto wa siku hizi ananyamaza. Msitu wa Jozani unakutana na matuta, na ni vizuri mtoto ajue kwa nini yapo, gari zilikuwa zikiwagonga kima punju wanapovuka barabara, ndo yakawekwa. Baada ya njia panda ya Kitogani ukishika ya Muyuni ndo inaanza ile sehemu ambayo kaka anaiita ya kulala, maweni matupu, vichaka vifupi, lami imenyooka, hakuna duka hakuna mtu. Na mie nasema hapo ndipo safari yenyewe ilipo.

Maana ilikuwa hapo hapo, nafikiri hatujafika Muyuni, mtoto anatizama mbele na mie natizama mbele, akaniuliza: "Mama, bibi alipofariki mbona hukulia?" Nusu mwaka mzima tumekaa nae nyumba moja, tunakula sinia moja, hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia nililia, nilikuwa chooni kwa shangazi'ako nimefungulia bomba ili msinisikie. Akakaa kimya, tumepita kama kilomita mbili hivi, kisha akasema mie nililia skuli. Nyumbani angeniuliza uso kwa uso nisingemjibu vile na yeye asingethubutu, kwenye gari hakuna anayemtizama mwenziwe na hakuna pa kwenda, na nje hakuna cha kumshughulisha. Angekuwa na simu mkononi lisingetoka neno.

Hapo ndo naachana na kaka, yeye kila mtoto anampa tablet ili atulie. Ana hoja yake, watoto wadogo wakigombana nyuma dereva anageuka geuka na hiyo ni hatari kuliko katuni. Ila kwanza barabara zenye kona na matuta mtoto akiinamia simu atatapika, jicho linaona kitu kimetulia na sikio la ndani linahisi gari inakwenda, mwili unachanganyikiwa, na watoto wa miaka 2 mpaka 12 ndio hasa wanaoshikwa na hali hiyo. Atizame nje mbali, kichefuchefu kinapungua. Na pili unamnyima ule uchoshi ambao ndio unaomfungua mdomo.

Kwa hiyo bara inampa mtoto ukubwa wa nchi na saa nyingi za kukaa na wewe, lakini zile za mwisho umechoka huna unachoweza kumsikiliza na roho zenu mmeziweka rehani. Unguja inakupa dakika 20 za maweni, chache kweli, lakini uko mzima. Asiye na gari yake, daladala ya Makunduchi nambari 310 ipo, mazungumzo ya siri hakuna ndani ya gari ya shamba lakini mtoto atakaa dirishani. Mie kwa safari ya siku moja nachagua hapa, na bara niende nikiwa na siku mbili au na dereva wa kupokezana nae.

Kaka hajakubali. Likizo hii anawapeleka Dodoma, kama kilomita 450 kutoka Dar, nimemuomba jambo moja tu, alale huko huko arudi kesho yake. Kasema ataangalia. Wifi yangu kanipigia jana usiku, kanambia keshatafuta gesti.