Mabao ya kwa Mkapa yanasafiri?

Yanga ya kocha Miguel Gamondi bado inabishaniwa vijiweni, na ubishi wenyewe umetokana na mechi mbili zisizo na bao hata moja. Ni robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2024 dhidi ya Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini: 0-0 kwa Mkapa, yaani nyumbani Dar es Salaam, Machi 30, 0-0 tena Pretoria Aprili 5, kisha Wananchi, yaani Yanga, wakatolewa kwa matuta (penalti) 3-2. Kuna wanaosema timu ile ilidhulumiwa tu. Wengine wanasema soka la kushambulia kwa wingi vile ni la ligi, mtoano una wenyewe.

Wa kwanza wana hoja. Shuti la Aziz Ki kule Pretoria liligonga mwamba wa juu, likadunda chini na kurudi uwanjani, na mwamuzi hakutoa bao. Lingekubaliwa, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine kabisa. Isitoshe, timu inayodaiwa kucheza kwa pupa ilikaa dakika 180 mbele ya Sundowns bila kuruhusu bao. Kwenye matuta nako, mfumo una kosa gani?

Lakini turudi nyuma kidogo, kwenye makundi. Yanga ilifunga mabao 9 katika mechi sita, na kati ya hayo 8 yalipatikana nyumbani. Ugenini ilipata bao moja tu, la Pacome Zouzoua kwenye sare ya 1-1 na Medeama ya Ghana. Algiers ilipigwa 3-0 na CR Belouizdad, Cairo ikafungwa 1-0 na Al Ahly. Halafu Belouizdad wale wale wakaja Dar es Salaam Februari wakala nne bila.

Mechi hiyo ya nne bila inaonyesha mfumo ulivyokuwa ukifanya kazi. Mudathir Yahya alifunga dakika ya 43, Aziz Ki ya 46, Kennedy Musonda ya 48. Ukiacha mapumziko, ni kama dakika tano za mchezo. Mabeki wa pembeni wamepanda, viungo wanapokezana kuingia boksi, na mpinzani akiupata mpira anavamiwa kabla hajainua kichwa. Simba nao wanaijua hali hiyo, walikula tano kwa moja Novemba 2023. Msimu huo kiungo, Aziz Ki, ndiye aliyemaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21.

Tatizo ni kwamba mashambulizi ya aina hiyo yanataka umbanie mpinzani kwenye nusu yake. Ugenini dhidi ya timu inayojua kukaa na mpira, viungo wako wanakimbizana na mpira badala ya kukimbilia boksi. Hapo mfungaji anatoka wapi?

Msimu mmoja kabla, chini ya kocha Nasreddine Nabi, jibu lilikuwepo. Kwenye mtoano wa Kombe la Shirikisho 2023 Yanga ilishinda mechi zote tatu za ugenini: 2-0 kwa Rivers United, mshambuliaji Fiston Mayele akifunga yote mawili, 2-1 kwa Marumo Gallants, na 1-0 kwa USM Alger kwenye fainali. Kombe lilipotea nyumbani, kwa kufungwa 2-1 mechi ya kwanza, kisha jumla ikawa 2-2 na USM Alger wakabebwa na sheria ya bao la ugenini, kwa kuwa wao walifunga mengi zaidi ugenini. Ajabu ni kwamba timu ya Nabi ilikuwa ngumu zaidi ikiwa safarini.

Watetezi wa Gamondi watasema Kombe la Shirikisho si Ligi ya Mabingwa, na Marumo walishuka daraja msimu huo huo. Kweli. Ila USM Alger kwao si timu ya kubezwa.

Kwangu mimi, mfumo wa Gamondi haukuwa na kasoro ya kuuzuia kwenye mtoano. Ulikosa mtu mmoja. Mayele aliuzwa Pyramids ya Misri 2023, na aliyebaki mbele hakuwa na uwezo wake wa kugeuza mpira mmoja mrefu kuwa bao huku wenzake wakiwa bado nyuma ya mstari wa kati. Timu ikiwa na mtu huyo inaweza kurudi nyuma Pretoria bila kuacha kuwa ya hatari. Bila yeye inalinda 0-0 na kuomba dua.

Juni 2025, Sundowns hao hao walipoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa mbele ya Pyramids, 1-1 Pretoria na 2-1 Cairo. Mmoja wa wafungaji Cairo alikuwa Mayele. Naam, Pyramids wana fedha na kikosi ambacho Yanga haina, na mechi moja haimalizi ubishi. Ila viongozi wanaposajili viungo wengine watatu wa kuchezea mpira kila dirisha la usajili, huku namba tisa, mshambuliaji wa kati, ikiachwa kwa majaribio, wasishangae mabao yakibaki kwa Mkapa.