Mfumo huria wa maktaba ya chuo: tuandike wetu au tujenge juu ya uliopo?

Karibu kila chuo chenye idara ya kompyuta kina mwanafunzi aliyewahi kuandika mfumo wa maktaba kuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho. Majedwali matatu yanatosha kuanzia: vitabu, wasomaji na uazimaji. Baada ya wiki chache skrini inaonyesha kitabu kimetoka, kitabu kimerudi, na mkuu wa maktaba anauliza swali la haki kabisa: kwa nini tuhangaike na Koha, mfumo huria wa maktaba (msimbo wake uko wazi kwa wote) wenye mamia ya mipangilio, wakati kijana wetu ametuandikia kitu kinachofanya kazi?

Swali hilo si la kudharauliwa. Koha imeandikwa kwa lugha ya programu ya Perl, na wahitimu wa leo wanatoka na Python, PHP na JavaScript. Kumpata anayeijua Perl vizuri ni kazi. Evergreen, mfumo mwingine huria, iliyoanza kutumika mwaka 2006 katika maktaba za umma za jimbo la Georgia, Marekani, ilibuniwa kwa ajili ya maktaba nyingi zinazotumia katalogi moja, na maktaba moja ikiisimika inabeba uzito isioutumia. Mfumo mliouandika wenyewe una vitufe mnavyovihitaji tu, unatumia maneno ya chuo chenu, na mkitaka badiliko hamngoji toleo la mtu mwingine.

Shida ni kwamba yale majedwali matatu yanadanganya. La kwanza kuvunjika ni la vitabu. Maktaba haiazimishi kitabu, inaazimisha nakala. Kitabu kimoja cha kiada cha fizikia kinaweza kuwa na nakala 12: nane kwenye rafu za kawaida, tatu nyuma ya kaunta zinazotoka kwa saa mbili tu, na moja ya rejea isiyotoka kabisa. Katika MARC 21, muundo sanifu wa rekodi za maktaba, kila taarifa ina uga, yaani sehemu yake yenye namba: mwandishi hukaa kwenye uga wa 100, kichwa cha kitabu 245 na ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu) 020. Juu ya hapo, Koha huipa kila nakala uga wake wa 952 wenye vijisehemu: msimbo pau kwenye $p, namba ya rafu kwenye $o, alama ya kutoazimishwa kwenye $7. Kijana akiweka safu ya "idadi" kwenye jedwali la vitabu, na wengi huweka, hawezi tena kusema ni nakala ipi imepotea, ipi iko kwa mjalidi, wala nani aliishika mara ya mwisho. Kulirekebisha hilo baadaye ni kuandika upya karibu kila ukurasa wa programu.

Kinachofuata kuvunjika ni tarehe. Nakala ya saa mbili ikitolewa saa 1:30 jioni, na maktaba inafungwa saa 2:00 usiku, irudishwe saa ngapi? Hesabu ya mashine inasema saa 3:30 usiku, mlango ukiwa umeshafungwa, na asubuhi mwanafunzi anakuta faini ya usiku kucha. Hapo hakuna hitilafu ya hesabu. Kilichokosekana ni uamuzi wa maktaba ambao hakuna aliyeuliza. Ongeza sikukuu, likizo ya muhula, mhadhiri anayekaa na kitabu mwaka mzima, na mwanafunzi wa uzamili aliye pia mfanyakazi. Koha hupanga haya kwa kulinganisha tawi, kundi la msomaji na aina ya nakala. Matawi matatu, makundi matano na aina nane za nakala ni michanganyiko 120, ingawa nyingi huangukia kwenye kanuni ya jumla kwa sababu mfumo hutafuta kwanza kanuni mahususi zaidi. Anayeandika mfumo wake atafika hapo hapo, ila atafika akiwa na rundo la "kama hivi, basi vile" lililotawanyika ndani ya msimbo, ambalo mkutubi hawezi kuligusa bila kumwita.

Kuna pia ukatalogi. Mkatalogi anayetumia mfumo unaoijua Z39.50, itifaki ya kutafuta na kuvuta rekodi kutoka maktaba nyingine, huandika ISBN na kuvuta rekodi nzima kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani au maktaba nyingine iliyofungua seva yake. Ukiwa na fomu yako ya HTML, kila rekodi inachapwa kwa mkono, kwa mtindo wa aliye zamu siku hiyo. Na uvutaji wenyewe una miiba. Herufi ya kumi kati ya zile 24 za mwanzo wa rekodi ya MARC 21 hueleza usimbaji, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa: "a" ni Unicode, nafasi tupu ni MARC-8, mtindo wa zamani wa maktaba. Rekodi ikidai MARC-8 huku ndani ni Unicode, majina yote yenye alama juu ya herufi yataharibika, na hutajua mpaka msomaji alalamike kuwa hampati mwandishi wake.

Anayedhani haya ni matatizo ya wasio na fedha aitazame Kuali OLE. Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, vikisaidiwa na ruzuku ya wakfu wa Mellon, vilidhamiria kujiandikia mfumo wao huria. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Chicago na Lehigh vilianza kuutumia. Mwaka 2016 nguvu zilihamia kwenye mradi mwingine, FOLIO, uliobuniwa upya kuanzia msingi wake. Kama kuandika kiini cha mfumo kuliwalemea wale, idara yenye watu wawili ina sababu ya kusita.

Hata hivyo, kuchukua mfumo uliopo hakumalizi mjadala, na hapa watetezi wa Koha huwa wepesi mno wa kuahidi. Koha hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Fundi akifungua faili za Perl kwenye seva na kuhariri humo hesabu ya faini, usasishaji ujao utaifuta kazi yake bila kumuuliza. Akiamua kutosasisha ili ailinde, baada ya miaka mitatu anakuwa na mfumo ambao hakuna mwingine duniani anautumia, wenye mashimo ya usalama yaliyokwisha kuzibwa kwa wenzake. Yaani amefika kule kule kwa yule kijana wa majedwali matatu, ila kwa msimbo mrefu zaidi na asioujua.

Hata asiyegusa msimbo anaweza kuumia. Ripoti za Koha huandikwa kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, moja kwa moja juu ya hifadhidata, jambo ambalo ni raha hadi muundo wa majedwali ubadilike. Toleo la 17.05 liliihamisha rekodi ya MARC kutoka jedwali la biblioitems kwenda jedwali jipya la biblio_metadata, na kila ripoti iliyosoma safu ya zamani ikakoma. Dawa ni ya kawaida tu: ripoti zote zinazotegemewa ziorodheshwe mahali pamoja, na kila toleo jipya lipitishwe kwanza kwenye seva ya majaribio yenye nakala ya data halisi.

Kwa hiyo hoja ya kuandika wenyewe naikubali, ila naisogeza mahali pake. Andikeni vya pembeni, msiandike kiini. Chukua kibali cha kumaliza masomo. Chuo kinataka kujua kama mhitimu hana kitabu wala deni kabla ya kumpa cheti. Huhitaji kuugusa msimbo wa Koha hata kidogo. Programu ndogo, kwa Python au lugha yoyote anayoimudu huyo kijana, inauliza API ya Koha, yaani mlango wake rasmi wa kuzungumza na programu nyingine, mambo mawili: uazimaji ulio wazi wa msomaji huyu, na salio la akaunti yake. Yote mawili yakiwa sifuri, jibu ni ndiyo. Koha ikisasishwa, programu hiyo inaendelea. Kijana akihama, anayefuata anasoma kurasa chache tu za msimbo. Mabadiliko yanayolazimika kukaa ndani ya mfumo yawekwe kwenye programu-jalizi, ambazo Koha huzipokea zikiwa faili la .kpz, zikae mbali na msimbo wa msingi.

Usajili wa wanafunzi ni pembeni pengine, na ndipo kosa dogo huwa ghali. Faili la CSV (orodha ya maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) kutoka ofisi ya usajili huoanishwa na wasomaji waliopo kwa namba ya kadi, jina la kuingilia au sifa ya pekee iliyowekwa na maktaba. Chagua namba ya usajili wa chuo. Kadi hupotea na kubadilishwa, na ukioanisha kwa namba yake mwanafunzi mmoja anakuwa watu wawili, mmoja ana madeni na mwingine ni msafi. Faili hilo lisifunguliwe kwenye programu ya lahajedwali kabla ya kuingizwa: namba 0004512 itageuka 4512, na kesho yake skana pale kaunta itasoma kadi sahihi huku mfumo ukisema haumjui mtu huyo. Hayo hayo huipata misimbo pau ya vitabu, kwa maelfu kwa mpigo.

FOLIO inadai kuwa imelitatua suala la kiini na pembeni kwa kuvunja kila kitu kuwa moduli: uazimaji moduli yake, watumiaji yake, ununuzi yake, kila moja ikizungumza na nyingine kwa API. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers, Sweden, kilikuwa cha kwanza kuanza kuitumia, mwaka 2019. Kwa chuo cha utafiti ambacho fedha zake nyingi huishia kwenye majarida ya kielektroniki, dai hilo lina uzito, kwani usimamizi wa mikataba na leseni ulifikiriwa humo tangu mwanzo, wakati Koha ilipata moduli yake ya rasilimali za kielektroniki kwenye toleo la 22.11 tu. Lakini moduli nyingi ni huduma nyingi za kuwasha, kufuatilia na kusasisha kwa pamoja. Koha ya maktaba ndogo hutulia kwenye seva ya gigabaiti nne za kumbukumbu. FOLIO huomba makumi. Asiye na mtu wa kushinda akiangalia kontena, yaani vifurushi vinavyoendesha huduma hizo, asiiguse, au alipie mtoa huduma.

Na hapo tunarudi kwenye fedha, maana leseni isiyolipiwa haina uhusiano na mshahara wa anayeamka usiku seva ikizimika. Mifumo ya kibiashara ina jibu safi kuhusu hilo: unalipa, wao wanaamka. Ila pia inauzwa na kununuliwa pamoja na wewe ndani yake. Ex Libris, wenye mfumo wa maktaba wa Alma, walinunuliwa na ProQuest mwaka 2015, kisha ProQuest ikanunuliwa na Clarivate mwaka 2021 kwa dola bilioni 5.3, na maktaba hazikuulizwa. Upande wa huria nao haukosi mivutano. Jumuiya ya Koha iliwahi kugombania hata jina lenyewe na kampuni moja ya Marekani, iliyotaka kulisajili huko New Zealand, mfumo ulikozaliwa. Tofauti ni kwamba msimbo ulikuwa chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha, na kazi iliendelea huku mawakili wakiandikiana barua.

Mkimpa mtoa huduma awahifadhie mfumo, someni kipengele cha kuondoka kabla ya kipengele cha bei. Kutoa rekodi za MARC peke yake hakutoshi, kwa sababu ndani yake hamna wasomaji, madeni, vitabu vilivyo nje, wala zile kanuni za uazimaji mlizozipanga kwa miezi. Amri ya koha-dump hutoa mafaili mawili, moja la hifadhidata na jingine la mipangilio. Mkataba useme mtayapata yote mawili kila wiki kwenye diski yenu, na mara moja kila muhula mtu wenu ayafungue kwenye kompyuta nyingine, atafute kitabu kimoja kilichoazimwa jana, aone kama kipo na kina jina la nani.